Kosa la Kufyeka Bure

Siku ya dipanda, yaani uhuru, mwaka wa sitini, Wakongo wengi waliahidiwa vitu vikubwa. Waliahidiwa magari, nyumba za wazungu na viti vya wazungu, na mhubiri mmoja wa Beni aliahidi hata wafu watafufuka, ahadi iliyowatia wasiwasi wajane waliokwisha kuolewa tena. Watu wa Mutwanga, chini ya milima ya Ruwenzori, ni wakulima, na hawaombi mengi. Wao waliomba majani.

Kwa miaka thelathini walikuwa wakitolewa alfajiri na majembe kwenda kufyeka kando ya barabara. Aliyechelewa alilala kifudifudi mbele ya kapita, msimamizi wa kazi, na kuhesabiwa fimbo. Kwa hiyo uhuru, kwa akili yao, maana yake ilikuwa moja tu: majani yaote. Na yakaota. Wiki tatu baada ya sherehe yalikuwa yamefika magotini, na wazee walisimama kando ya barabara wakiyaangalia jinsi mtu anavyomwangalia mtoto wake wa kwanza akijaribu kusimama.

Katika wiki hiyo hiyo Vagheni alichukua panga lake, akapita katikati ya kijiji mchana kweupe, akaenda kufyeka njia ya mlima. Hakuna aliyemtuma.

Vagheni alikuwa na miaka kama thelathini na minane, miguu myembamba, magoti makubwa, na familia ya Kikatoliki isiyokosa misa. Tangu ujana alikuwa amewapandisha wazungu mlimani, kwanza kama mpagazi wa masanduku yao, halafu kama kiongozi wa njia. Aliwapitisha kwenye migomba, kwenye mianzi, kwenye ile miti yenye ndevu za ukungu, mpaka mahali ambapo maji yanakuwa jiwe. Wazungu walipoondoka, wapagazi wengine walirudi kwenye kahawa yao wakimshukuru Mungu. Yeye alirudi kwenye kahawa yake akaugua. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alikaa tu mlangoni akiangalia juu. Mkewe Katungu alimpeleka zahanati, muuguzi akampa kinini, kwa sababu kinini ndiyo iliyokuwapo.

Dawa aliijua mwenyewe. Alimwendea Ézéchias, mkubwa wa walinzi wa parke, ile hifadhi ya mlimani, mtu mnene mwenye mwandiko mzuri, aliyeachiwa milima mizima na Wabelgiji bila kuachiwa mshahara. Ézéchias alimwambia mapema kwamba kazi hakuna. Vagheni akajibu kwamba haombi kazi, anaomba ruhusa. Ézéchias alimtazama kwa muda, akatafuta mtego katika maneno hayo, hakuuona, akapunga mkono. Karatasi haikuandikwa. Kwani nani anaandika karatasi ya mtu asiyelipwa?

Kuanzia siku hiyo, kila mwezi, kahawa ikiruhusu, Vagheni alipanda. Alifyeka njia kutoka migomba ya mwisho mpaka nyumba ya wageni ya Kalonge, mwendo wa siku moja kwa mtu mwenye afya na siku mbili kwa mzungu. Aliziba paa. Kwenye mto mdogo ulio mbele kidogo ya Kalonge, penye maji ya baridi yanayokimbia kwenye korongo, alijenga daraja la magogo, akalifunga kwa kamba za mwituni. Penye jiwe ambapo wapagazi wa zamani walimwachia jani Kitasamba, roho anayekaa kwenye theluji, na yeye aliacha jani, halafu alifanya ishara ya msalaba, ili pande zote mbili ziwe salama. Mara moja, mwaka wa sitini na mbili, alifuatana na walinzi mpaka Ishango, akapiga kasia majuma mawili katika pirogi ili wahesabu viboko wa mto Semliki. Alirudi na malengelenge mikononi na ile hesabu kichwani. Aliwaambia watu wote. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuliza.

Kijiji kilimcheka. Walimwita kapita wa nyani. Waliuliza kama Wabelgiji wamemsahau au ni yeye aliyesahau kwamba wameondoka. Mtu mzima, baba wa watoto watano, anafyeka bila fimbo nyuma yake? Wengine walikasirika kabisa: ile fimbo wameichoma kwa ajili ya nani, kama yeye anaibeba mwenyewe moyoni?

Katungu alivumilia. Mumewe alirudi kutoka mlimani amelowa, amekonda, na mwenye furaha, na mwanamke anayeona furaha nyumbani haulizi sana bei yake. Kitu kimoja tu hakukisamehe. Juu kule Vagheni alikuwa aking'oa mitego ya pelele. Pelele ni mnyama mdogo kama sungura, hana mkia, anakaa mitini na kulia kama mtu anayenyongwa. Nyama yake tamu, ngozi yake joto. Siku moja, kwenye mtego mmoja, Vagheni alitambua fundo la mkono wa Muyisa, kaka wa Katungu. Angeweza kunyamaza. Alimpeleka mtego ule Ézéchias. Muyisa alilala jela ya Beni miezi mitatu kwa ajili ya ngozi moja, na tangu hapo hakupita tena mlangoni kwa dada yake.

Mwezi wa nane wa sitini na nne, Bamulele walifika. Waasi wale waliahidi dipanda ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilikuwa imeharibika njiani. Walikula mbuzi wa Mutwanga, wakachukua bunduki za parke, wakampiga kofi Ézéchias kwa ajili ya unene wake. Miezi michache baadaye jeshi la serikali lilipanda kutoka Beni, na waasi kama arobaini wakatafuta njia ya kukimbilia Uganda. Njia waliipata. Ilikuwa safi kama njia ya kwenda kanisani. Walipita Kalonge, wakalala chini ya paa lisilovuja, na walipovuka lile daraja la magogo walikata kamba zake nyuma yao, wakaacha magogo mahali pake.

Wanajeshi wawili waliowafuata walikanyaga magogo yale. Walipatikana chini kabisa ya korongo.

Luteni wao aliitwa Hippolyte. Alitoka Kasai, kijana aliyenyoosha suruali hata porini, na wale wawili walikuwa wametoka naye kambi moja. Alikaa barazani kwa mpanda-kahawa aliyekimbia, katikati ya meza za kukaushia kahawa, akauliza swali dogo: nani alijenga daraja? Hapakuhitajika mateso. Mutwanga nzima ilimjua, kwani ndiye alikuwa kichekesho cha Mutwanga. Wakamleta Vagheni asubuhi ya Jumatatu, na panga lake, ambalo mwenyewe alilibeba vizuri ili lisimkate askari.

Luteni alimuuliza kama ni yeye aliyefyeka njia. Akakubali. Kama ni yeye aliyejenga daraja. Akakubali, na akaanza kueleza kamba gani inafaa na ipi inaoza. Luteni akainua kidole.

"Nani anakulipaka?"

"Hakuna mutu, mon lieutenant."

"Donc, miaka ine unakata majani kule juu, unajenga pont, unatengeneza nyumba, bule?"

"Bule."

"Juu ya nini?"

Vagheni aliangalia mlima, kama kwamba ungemsaidia kujibu. Wingu lilikuwa limeufunika.

"Ni muzuri," alisema.

Askari mmoja alicheka. Luteni hakucheka. Yeye alikuwa amesoma. Alijua kwamba kila kitendo kina anayekilipia, na kama mlipaji haonekani ni kwamba amejificha. Aliandika katika daftari lake kwamba mshtakiwa anakataa kutaja wakubwa wake. Wanakijiji walipomwambia, kwa nia ya kusaidia, kwamba mtu huyo pia alikwenda kuhesabu viboko huko Ishango, akaandika kwamba amepeleleza mto. Ézéchias aliitwa. Aliulizwa kama parke ilimwajiri mtu huyu. Jasho lilimtoka. Akisema ndiyo, ni yeye aliyewafungulia waasi njia. Akasema jina hilo halimo katika orodha yake yoyote, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Ukweli una siku zake mbaya.

Vagheni alifungiwa katika depo ya kahawa. Alhamisi, siku ya soko, angepigwa risasi mbele ya watu. Juma lililotangulia mtu mmoja wa Vuhovi alikuwa amepigwa risasi kwa kosa dogo kuliko hilo, kwa hiyo hakuna aliyedhani ni maneno ya kutisha tu.

Katungu alikwenda kwanza kwa Ézéchias. Hakumtukana. Alikaa chini kwenye ngazi ya ofisi yake, miguu imenyooshwa, kama mtu aliyekuja matangani mapema. Ézéchias alitoka, akarudi ndani, akatoka tena. Alimwambia kwamba hawezi kumsaidia mtu asiye na kosa linalojulikana. Kanuni za parke hazina mahali pa mtu kama huyo. Halafu, akifunga kifungo cha shati lililokuwa limefungwa tayari, akasema maneno ambayo labda ndiyo mema pekee aliyofanya mwaka ule.

"Mama Katungu, kama bwana yako angekuwa mwizi wa nyama, mi ningemuandikia karatasi leo. Mwizi wa nyama mi najua kumuandika."

Katungu aliinuka, akapangusa kanga, akapanda kwa kaka yake Muyisa, ambaye hakuwa amempa mkono kwa miaka miwili.

Muyisa alimsikiliza akiwa anamenya mihogo. Alimwacha amalize. Alimwacha alie kidogo. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na mfuko, akamwaga juu ya majani ngozi sita za pelele, zimekaushwa vizuri, laini. Jela ya Beni haikuwa imemfundisha kitu.

"Shemeki alinifunga juu ya ngozi moja," alisema. "Mi nitamufungua na sita. Anione sasa nani mutu."

Jumatano Katungu alifika barazani na mfuko kichwani. Alipiga magoti, akazipanga ngozi mbele ya buti za luteni, moja baada ya nyingine, na akaanza kumchafua mumewe. Watu waliokuwapo wanasema hawajasikia mahubiri kama yale. Alisema mumewe ni mlafi. Alisema hiyo njia ilikuwa ya kupitishia nyama, hilo daraja la kufikia mitego ya ng'ambo, hiyo nyumba ya kukaushia ngozi, na viboko wa Semliki alikwenda kuwaangalia kwa tamaa. Alisema watoto hawakuonja hata mguu, aliuza zote Butembo akanywea pombe. Luteni alishika ngozi moja, akaipapasa kwa kidole gumba. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu uso wake ulilegea. Sasa palikuwa na mlipaji.

Aliamuru mshtakiwa aletwe. Vagheni alitoka depo na maganda ya kahawa kwenye nywele. Aliona ngozi. Aliona mkewe amepiga magoti. Kwenye ukuta, mbali kidogo, alimwona Muyisa ameegemea, anatafuna kijiti.

"Bibi yako anasema weye ni muwindaji," luteni alisema. "Ni kweli?"

Vagheni alihesabu ngozi kwa macho.

Kila mtu pale alijua kinachopimwa. Upande mmoja risasi ya kesho. Upande wa pili ile miezi yote, kila mtego alioung'oa, na hata miezi mitatu ya shemeji yake, ambayo ingekuwa imekwenda bure kama yeye naye ni mwizi. Alisimama na mdomo umefungwa, na ikaonekana wazi, kwa hofu ya watu wote, kwamba mpumbavu huyu anafikiri kweli.

"Jibu!" Katungu alipiga kelele. "Unaona haya ya nini? Kula ulikula, leo unaona haya! Utaniacha na batoto batano juu ya haya?"

"Minakula pelele," Vagheni alisema. Sauti ilitoka ndogo.

Luteni hakuwa mjinga. Alisogeza kiti karibu, akamwambia aeleze mtego wa pelele unavyotegwa, kwani mwanamke yeyote anaweza kununua ngozi sokoni.

Na hapo Vagheni alieleza. Alieleza mti gani pelele anaupenda, na jinsi mkojo wake unavyoacha doa jeupe kwenye gome. Alieleza kijiti kinachopindwa, kamba ya nyuzi za mgomba iliyopakwa matope isinuke mkono wa mtu, tanzi lenye upana wa ngumi ya mtoto, pini inayowekwa upande wa mteremko. Alieleza mkono wa kila mtegaji, nani anafunga kulia, nani kushoto, nani mvivu wa kupaka matope. Alieleza kwa dakika nyingi, mikono yake ikifunga na kufungua hewa, kwa sababu alikuwa ameng'oa mitego mia mbili na zaidi na hakuna aliyewahi kumuuliza. Muyisa aliacha kutafuna. Alitambua, katikati ya maelezo yale, fundo lake mwenyewe.

"Voilà," luteni alisema akiegemea nyuma. "Sasa huyu ni mutu mi naweza kuelewa."

Alifuta jambo katika daftari. Hukumu mpya ilikuwa fimbo hamsini, miezi sita katika jela ya Beni, na marufuku ya kuingia parke maisha yake yote. Ézéchias aliitwa na kitabu chake. Kwa mwandiko wake mzuri aliandika jina la Vagheni juu kabisa ya orodha ya wawindaji haramu, mstari wa kwanza, kwa kuwa kitabu cha zamani kilichomwa na Bamulele na hiki kilikuwa kipya. Jina la Muyisa halikuwa humo tena.

Fimbo zilipigwa palepale. Katungu alihesabu kwa sauti ili wasizidishe.

Vagheni alirudi kutoka Beni katikati ya mwaka wa sitini na tano, anachechemea. Kijiji kilimpokea vizuri. Vizuri mno. Wanaume waliomwita kapita wa nyani walimpisha kitini, wakamnong'oneza wakimwomba siri ya kupaka matope. Walisema kumbe alikuwa na akili siku zote. Muyisa alianza tena kula kwa dada yake, akimwita mwenzangu. Vagheni alikula naye. Alilima kahawa yake mpaka kijito kilichokuwa mpaka wa parke, na hapo jembe lake liligeuka.

Ézéchias alihamishwa. Mwaka wa sitini na saba alikuja mkubwa mpya, Roger, kijana kutoka mkoa wa Ekwatere, mwenye bidii na asiyejua hata jina la kilima kimoja. Alisoma kitabu, akaona mstari wa kwanza. Kila mwezi alifika na walinzi wawili kupekua sufuria za Katungu. Walikuta maharagwe. Roger alisema mwizi hodari ndiye asiyekutwa na kitu, na kwa mantiki hiyo kila sufuria ya maharagwe ilimzidishia Vagheni hatia.

Siku moja alikuja bila walinzi, kofia mkononi. Wazungu watatu, walimu kutoka Butembo, walitaka kupanda, wageni wa kwanza tangu vita, na hapakuwa na mtu aliyejua njia. Wapagazi wa zamani walisema wamezeeka. Roger alieleza kwamba hawezi kumruhusu Vagheni avuke kijito, kitabu kilikataza. Lakini kueleza kwa mdomo hakukatazwa.

Katungu aliacha kupepeta. Alimwona mumewe akienda mpaka ukingo wa kijito, akasimama upande wake, Roger upande wa pili na karatasi. Alieleza tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Alieleza mzizi unaoteleza, mahali pa kuteka maji, mwanzi uliolala unaoonyesha kulia. Alieleza daraja lijengwe wapi upya. Roger aliandika kurasa nne, akashukuru.

Roger na wageni wake walirudi kesho yake, wamechanwa nyuso na miiba. Hawakuwa wamefika hata kwenye mianzi. Roger alikuja moja kwa moja nyumbani, amekasirika, akakunja ile karatasi mbele ya Vagheni.

"Baba, unanidanganya. Kule hapana njia."

"Iko," Vagheni alisema. "Mbele ya jiwe la majani, inapita kushoto."

"Hapana jiwe. Hapana kushoto. Kuko majani tu."

Vagheni aliuliza majani yenyewe yamefika wapi.

Roger aliinua mkono, akaonyesha kifuani, akafikiri, akaupandisha mpaka shingoni. Vagheni aliuangalia ule mkono, hakuuacha, mpaka kijana yule akaona haya bila kujua kwa nini, akaushusha.